Kwa diwani mpya wa jiji: niliyojifunza katika vipindi viwili

Kabrasha la kikao changu cha kwanza cha bajeti lilinifikia nyumbani saa mbili usiku, likiwa na kurasa zaidi ya 300, na kikao chenyewe kilipangwa kuanza saa tatu asubuhi ya siku iliyofuata. Nilisoma hotuba ya utangulizi, nikapitia majedwali mawili matatu ambayo sikuyaelewa, kisha nikalala kwa amani kwa sababu hotuba yangu mwenyewe ilikuwa tayari. Asubuhi nilisimama na kuuzungumzia mtaro wa maji ya mvua wa kata yangu kwa dakika saba nzima. Wenzangu wakagonga meza, wananchi waliokaa nyuma ya ukumbi wakapiga makofi, na jioni redio moja ikanitaja kwa jina. Mwezi wa nane nilikwenda kumwuliza mhandisi ni lini kazi ya mtaro itaanza. Hakubishana nami. Alinisogezea kitabu cha bajeti na kuniuliza kwa upole, "Mheshimiwa, upo ukurasa gani?" Tuliutafuta pamoja, hatukuuona. Ulikuwamo katika orodha ya vipaumbele iliyotoka kwenye kata, ukaondolewa wataalamu walipokuwa wakipunguza maombi ili yalingane na ukomo wa bajeti, na mimi mwenyewe nilinyoosha mkono kuipitisha bajeti isiyokuwa nao, saa moja tu baada ya kuutetea kwa ufasaha.

Nilikaa barazani kwa vipindi viwili, yaani miaka kumi, katika mojawapo ya majiji yetu, na tangu nilipotoka madiwani wapya wamekuwa wakija kuniuliza waanzie wapi. Huwa nawarudishia swali la yule mhandisi. Diwani husema mengi sana katika kipindi cha miaka mitano, barazani, misibani, kwenye mikutano ya mtaa na kwenye simu. Lakini halmashauri inatekeleza kile tu kilichoandikwa ndani ya nyaraka zake, iwe ni kasma ya bajeti, yaani fungu la fedha lenye namba yake, azimio la kamati au mstari mmoja wa muhtasari. Karibu kila kosa nililolifanya lilitokana na kulisahau jambo hilo.

Kwanza ni vyema kuelewa umekalia kiti gani. Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zinaanzisha vyombo vya serikali za mitaa na kutamka kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na kwa sisi wa mijini ufafanuzi wake umo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, iliyotungwa mwaka 1982. Wazee wa kata yako watakukumbusha kwamba mamlaka hizi ziliwahi kufutwa, mwaka 1972, na kwamba huduma za miji zilidorora kiasi cha kulazimu halmashauri za miji zirejeshwe mwaka 1978, kabla mfumo mzima haujaanza kufanya kazi tena mwaka 1984. Naitaja historia hiyo kwa sababu nimewahi kusikia diwani akisema, tena kwa majigambo, kwamba baraza ni mahali pa kugonga muhuri tu. Palikuwa na miaka ambayo mwananchi mwenye mtaro ulioziba hakuwa na mtu wa kumchagua ili auulizie.

Pamoja na hayo, diwani hasaini hundi, haajiri, hamhamishi mtumishi na hampi mkandarasi kazi. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi wa Jiji, ambaye huteuliwa na Rais na ambaye ndiye katibu wa baraza. Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Wageni wengi huingia wakidhani kwamba kuitwa Mheshimiwa ni sawa na kuwa bosi wa wakuu wa idara. Mwenzangu mmoja alimfokea afisa wa masoko mbele ya wafanyabiashara, wakamshangilia sana siku ile. Afisa yule hakujibu neno, lakini tangu siku hiyo kila ombi la diwani huyo lilijibiwa kwa neno moja, "tuandikie," na kila barua yake ilisubiri zamu yake kwenye faili kama barua ya mtu mwingine yeyote. Hakuvunjiwa haki hata moja, alipoteza tu ule urahisi wa kupigiwa simu na kuambiwa, "Mheshimiwa, kikao cha Alhamisi kina jambo lako, njoo mapema."

Kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati. Baraza la kawaida hukutana mara moja kwa kila robo mwaka, na mambo yanapofika huko huwa yamekwisha kuiva. Aliyetaka kuongeza chumvi alipaswa kuwapo jikoni. Katika halmashauri ya mjini utapangwa katika mojawapo ya kamati kubwa tatu, yaani Fedha na Uongozi; Uchumi, Afya na Elimu; au Mipangomiji na Mazingira, na zipo nyingine kama ile ya kudhibiti UKIMWI na ya maadili. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, kwa hiyo kila mtu huitamani. Mimi nilifurahia zaidi miaka yangu kwenye Mipangomiji, ambako hakuna anayekupigania nafasi mpaka siku eneo la wazi la kata yake linapobadilishwa matumizi na kuwa viwanja vya biashara. Mabadiliko ya namna hiyo hupita kwenye kamati yakiwa aya mbili tu, yenye namba ya kitalu na maneno "mabadiliko ya matumizi ya ardhi," bila jina la mtaa wanaoufahamu wananchi. Beba ramani ya kata yako. Ukiona namba ya kitalu usiyoijua, mwombe afisa mipango miji akuoneshe kwa kidole kabla hujasema ndiyo.

Kuhusu kusoma kabrasha, ushauri wangu unawashangaza wengi: anzia nyuma. Hotuba na utangulizi hueleza halmashauri inavyotaka kuonekana, ilhali majedwali ya mwisho hueleza ilivyo. Tafuta safu tatu kwa kila mradi wa kata yako: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Mradi ulioidhinishiwa shilingi milioni 40 na kupokea sifuri hadi mwezi Machi si mradi bali ni matumaini, na tofauti hiyo utaiona kwenye safu ya pili tu. Mwaka wa fedha unaishia tarehe 30 Juni, kwa hiyo fedha zinazoingia mwishoni mwa Mei zina wiki chache za kutafuta mzabuni na kununua vifaa, na hapo ndipo utakaposikia neno bakaa, yaani fedha zilizobaki bila kutumika mwaka ukiisha, likitajwa. Makabrasha nayo yanatakiwa kuwafikia wajumbe mapema, na kanuni za kudumu za halmashauri zinaeleza ni mapema kiasi gani. Zisome kanuni hizo mwezi wa kwanza. Kabrasha likija usiku wa kuamkia kikao, lalamika mwanzoni, kabla ya agenda ya kwanza, na uombe malalamiko hayo yaandikwe. Ukilalamika baada ya bajeti kupita utaonekana mtu asiyekubali kushindwa.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni muhtasari. Kila kikao huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na hufuatiwa na agenda ambayo wengi huitumia kumalizia chai, yaani yatokanayo. Madiwani wapya huipuuza kwa kuwa inaonekana ni mambo ya zamani. Lakini jambo likishaingia kwenye muhtasari kama azimio, lenye jina la idara inayopaswa kutekeleza, litarudi lenyewe katika yatokanayo ya kikao kinachofuata, na mkuu wa idara atalazimika kusema limefikia wapi. Halihitaji hotuba nyingine. Jambo lililosemwa kwa hisia kali bila kuwa azimio hubaki katika maneno yale ya kawaida, "mjumbe mmoja alichangia kuhusu hali ya mitaro," na hapo ndipo linapozikwa.

Kwa hiyo nilijifunza kumaliza kila mchango wangu kwa sentensi ya kuandikwa. Badala ya kusema, "Serikali ituangalie kwenye hili la mtaro," nilisema, "Mwenyekiti, naomba kamati iazimie kwamba idara ya ujenzi ilete makadirio ya gharama za mtaro wa kata yangu katika kikao cha robo ijayo." Sentensi hiyo haina utamu wowote na hakuna redio iliyowahi kuirusha. Ina mtendaji, ina kazi na ina tarehe, na katibu wa kamati hawezi kuifupisha bila kuiua. Mwanzoni wenzangu walinitania kwa kuniita "Mheshimiwa Azimio," na ilipofika mwaka wa tatu walikuwa wananiomba niwasaidie kuandika ya kwao.

Muhtasari wenyewe usome neno kwa neno unapoletwa kuthibitishwa. Sisemi kwamba makatibu hupotosha kwa makusudi. Wengi huandika vikao viwili kwa siku na wamechoka. Ila nimewahi kukuta "kamati iliagiza" ikigeuka "kamati ilishauri," na kati ya maneno hayo mawili kuna umbali wa mwaka mzima wa fedha.

Kwenye kata wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na katibu wako ni Mtendaji wa Kata, ambaye si mtumishi wako bali ni wa Mkurugenzi. Wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, na diwani wa viti maalum anayeishi katika kata hiyo pia ni mjumbe; mpe nafasi yake kamili, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayejua vikundi vya akina mama kuliko wewe. Mtendaji na diwani wakigombana, kata inalala. Niligombana na mtendaji wangu wa kwanza kwa miezi mitano kuhusu ufunguo wa ukumbi, jambo ambalo hata sasa naona aibu kulisimulia, na katika miezi hiyo hatukukaa kikao hata kimoja chenye akidi, kwa hiyo orodha yetu ya vipaumbele haikwenda kwa wakati. Bajeti haisubiri watu wapatane. Maombi hutoka kwenye mitaa, yanapita kwenye kata, yanaingia halmashauri na kupitishwa barazani mapema ili yawahi ngazi ya mkoa, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa) na hatimaye Bunge, ambalo huanza mkutano wake wa bajeti mwezi Aprili. Kata iliyochelewa mwezi wa kumi na moja imechelewa mwaka mzima.

Hapa niwape mfano wa karibu. Katika mtaa mmoja wa kata yangu palikuwa na boma la zahanati ambalo wananchi walilijenga kwa michango yao hadi usawa wa lenta, kisha nguvu zikaisha. Nilipolikuta lilikuwa limesimama miaka sita, na katika chumba ambacho kwenye ramani kiliitwa chumba cha sindano ulikuwa umeota mpapai wenye matunda. Katika kampeni ya kipindi changu cha pili niliahidi kulimaliza ndani ya mwaka mmoja. Niliporudi barazani niligundua kwamba halmashauri haikuwa na kumbukumbu yoyote ya boma hilo: hapakuwa na hati ya kiwanja, wala makadirio, wala muhtasari wa mkutano wa mtaa ulioamua lijengwe. Kwa macho ya wataalamu halikuwapo. Mwaka wa kwanza wote uliishia kwenye kupima kiwanja na kuitisha mkutano wa mtaa ili uamuzi wa zamani uandikwe upya na kusainiwa. Mwaka wa pili tulipata makadirio. Mwaka wa tatu liliingia katika vipaumbele vya kata na kuondolewa kwenye ukomo, kama ule mtaro, lakini safari hii nilikuwa mezani lilipoondolewa, na nilihakikisha muhtasari unasema kwamba litakuwa la kwanza kwa mwaka unaofuata. Mwaka wa nne fedha ziliidhinishwa, zikaingia mwezi wa sita tarehe za mwishoni. Wananchi, ambao hawasomi safu ya kilichopokelewa, waliniita mwongo kwa miaka yote minne, na sina la kuwalaumu.

Kazi ya namna hii ikija kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo vifaa hununuliwa na fundi hulipwa ufundi tu, hakikisha kamati ya ujenzi na kamati ya mapokezi zina watu wanaojua kuhesabu. Mama mmoja muuza mbogamboga katika kamati yetu ya mapokezi aliwahi kukataa kusaini lori la mifuko ya saruji kwa sababu hati ya mzabuni ilisema 200 naye alihesabu 186, akarudia kuhesabu mbele ya dereva kwa sauti. Dereva alisema mingine ipo njiani, na kweli ilifika jioni. Nisingemtaka diwani katika kamati hiyo, kwa kuwa diwani anayepokea saruji atashindwa kuuliza maswali kuhusu saruji barazani.

Jambo jingine litakalokutesa ni kuulizwa kuhusu vitu visivyo vya halmashauri. Barabara za mitaa zilihamishiwa kwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, maji yana mamlaka yake, umeme ni wa TANESCO, na kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo muhimu cha mapato ya jiji, sasa inakatwa na serikali kuu kupitia ununuzi wa umeme. Mwananchi hajali mgawanyo huo, naye ana haki ya kutoujali. Ukimjibu, "Hilo si letu," umemfukuza. Nilichokifanya ni kuwaalika meneja wa TARURA na watu wa maji kwenye kikao cha kata mara mbili kwa mwaka, kwa barua ya mtendaji, na kuandika ahadi zao katika muhtasari wetu. Hawakuwa wanawajibika kwetu kisheria kama idara zetu wenyewe, lakini mtu aliyesomewa ahadi yake ya Machi mbele ya wenyeviti wa mitaa mwezi Septemba hutafuta greda haraka.

Kisha kuna mlango wa nyumba yako. Watagonga kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Atakuja mama mwenye barua ya mwanawe kurudishwa nyumbani, kijana aliyekamatiwa pikipiki, mzee mwenye mgogoro wa mpaka, na watu watatu wenye kadi za michango ya msiba mmoja. Kwa mzee wa mpaka usijifanye hakimu. Mgogoro wa ardhi unaanzia kwenye usuluhishi wa baraza la kata na kuendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na maneno yako ya kumpa haki upande mmoja yatanukuliwa kote huko. Kuhusu fedha, nasema wazi kwamba posho ya diwani haiwezi kubeba misiba ya kata nzima. Waliojaribu waliishia kukopa, na diwani mwenye madeni huwa rahisi kununuliwa, hata kama ni mtu mwema. Nilijiwekea kiasi kimoja kwa kila msiba, kidogo, kisichobadilika kwa tajiri wala maskini, na nilihudhuria mazishi mwenyewe. Baada ya mwaka mmoja watu walizoea. Na endelea na kazi yako ya awali kama inawezekana. Diwani asiye na kipato kingine hukaa barazani akiwaza kikao kijacho kwa ajili ya posho yake.

Weka daftari mlangoni. Andika jina, mtaa, shida na ulichoahidi. Langu lilifika la tisa nilipomaliza, na lilinifundisha kitu ambacho hakuna taarifa ya idara iliyowahi kunieleza: katika miezi mitatu watu kumi na wanne kutoka mtaa mmoja walikuja kulalamikia tumbo la kuhara la watoto, kila mmoja akidhani ni lake peke yake. Nililipeleka kwa afisa afya, akakuta bomba lililopasuka likipita ndani ya mfereji wa maji machafu.

Mikopo ambayo halmashauri huvipa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na ambayo sheria inaigawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inastahili makala yake yenyewe. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 ikiwa na utaratibu mpya, na chanzo cha kusimamishwa huko kilijulikana na kila aliyekaa kwenye kata: vikundi hewa na marejesho hafifu. Usipendekeze kikundi ambacho hujakitembelea. Nilitembelea kikundi kimoja cha ushonaji kilichoandikwa kuwa na wanachama 10. Nilikuta cherehani moja yenye vumbi, na mwenye nyumba hakujua kwamba yeye ni mhazini. Walioniletea fomu walikuwa wapiga debe wangu wakati wa kampeni. Nilikataa, wakaninunia hadi uchaguzi uliofuata, na ni kweli walimfanyia kazi mpinzani wangu.

Kila mwaka baraza hukaa kikao maalum kujadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kikao hiki hupendwa na viongozi wa mkoa na huogopwa na wakuu wa idara, nacho ni shule bora kuliko semina yoyote niliyohudhuria, zikiwamo zile nzuri za Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo. Usitosheke na kuambiwa kwamba halmashauri imepata hati inayoridhisha. Hati hiyo inahusu namna hesabu zilivyoandaliwa, na halmashauri inaweza kuipata huku ikiwa na hoja nyingi za miaka ya nyuma ambazo hazijafungwa. Ziulizie hizo za nyuma. Ukiikuta hoja ileile ikirudiwa kwa miaka minne na majibu yaleyale, "menejimenti imepokea ushauri," umepata pa kuanzia.

Kuhusu maadili nitakuwa mfupi, kwa sababu sheria yenyewe haina kona. Utajaza tamko la rasilimali na madeni unapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka na unapoondoka, kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Na jambo lenye maslahi yako au ya ndugu yako likiletwa kwenye kamati, tangaza maslahi na utoke nje. Mimi nilitoka mara moja, kwa ajili ya leseni ya shemeji yangu, na nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la korido nilisikia kamati ikikataa ombi lake. Hatukuzungumza kwa miezi kadhaa, na dada yangu alikuwa katikati.

Utakuwa pia na vikao vya madiwani wa chama chako kabla ya baraza. Msimamo wa pamoja hupatikana humo, na si haki kujifanya kwamba jambo hilo halipo. Ukiwa na pingamizi, lipeleke huko ukiwa na namba za kurasa. Ukinyamaza huko na kulipuka barazani, utapoteza wenzako na hutapata mradi. Vilevile usikose vikao ovyo, kwa kuwa kukosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa kunaweza kukuondolea udiwani, na baraza likikaa kama kamati kujadili nidhamu za watumishi, yaliyosemwa humo yaache humo.

Siku ya mwisho ya udiwani huja bila sherehe. Baraza linavunjwa, unarudisha unachopaswa kurudisha, na simu inapungua kulia ndani ya wiki moja. Mimi nilishindwa katika kura ya maoni ya chama, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kupanga makaratasi kabla ya mrithi wangu kuapishwa. Nilimpelekea boksi lenye mihtasari yote ya kata ya miaka kumi, madaftari tisa ya mlangoni, ramani yenye namba za vitalu na karatasi moja yenye orodha ya maazimio ambayo yalikuwa bado kwenye yatokanayo, kila moja na tarehe yake. Hatukuwa marafiki, alikuwa amenisema vibaya jukwaani. Alilipokea boksi mlangoni, akauliza kama pana siri ndani, nikamwambia aanze na ukurasa wa zahanati, kwa kuwa fedha zilizovuka mwaka zilikuwa zinasubiri azimio la kamati ili zitumike.

Zahanati ilifunguliwa katika mwaka wa pili wa mrithi wangu. Sikualikwa jukwaani, nikakaa chini ya turubai na wananchi wengine, na wageni walipoingia kukagua nilikwenda nyuma yao hadi chumba cha sindano. Mpapai walikuwa wameung'oa na sakafu ilikuwa imepigwa vigae vyeupe, isipokuwa kwenye kona moja ambako vilikuwa vimepungua.